Shangazi mbega ndani ya Chuga (Arusha): mradi ulipofikia

Machi

Shangazi amekamilika. Ni mbega wa kitambaa, kuanzia kisogo hadi makalio hafiki urefu wa rula ya shule, na mkia wake unakaribia urefu huohuo. Mwili ni sweta nyeusi ya mtumba niliyoichagua soko la Kilombero. Ndani nimeshindilia vipande vya sponji nilivyomwomba fundi makochi, na mikono na miguu ina waya wa kufungia nondo ili akae ninavyotaka. Joho jeupe la mabegani na kishungi cha mkia ni uzi wa kufumia niliouchambua kwa brashi ya nywele mpaka ukafumuka ukawa manyoya. Hiyo kazi ya brashi ndiyo iliyokula muda, kushona si lolote.

Nimechagua mbega kwa sababu ni jirani yetu. Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha upande wa msitu wa Ngurdoto, unawakuta juu wanatafuna majani, mikia imening'inia. Duka la midoli mjini litakuuzia dubu, na dubu hajawahi kukanyaga Meru. Ila mbega ana jambo lake: hana kidole gumba. Kimebaki kinundu tu, vidole vinne ndivyo vinavyokamata tawi. Kwa hiyo nikamshonea vinne kila mkono, na watoto wa mtaani kwetu wanavihesabu kila wakimwona, kisha wananiambia nimesahau kimoja.

Mpango ni kumzungusha kwenye muziki, vyakula na sanaa za mji huu, kumpiga picha na kuandika. Masharti niliyojiwekea: tusiende mahali ambapo nisingeenda bila yeye, yeyote atakayeonekana aulizwe kwanza, na simu ishushwe hadi kimo cha Shangazi, nisipige nikiwa nimesimama. Hilo la mwisho niliweka kwa kunogesha tu.

Aprili

Mvua. Tumefanya vya karibu: Mnara wa Saa, Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, na Boma la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Picha zimetoka kama kadi za posta: mdoli mbele, jengo nyuma. Nyingi nimezifuta. Shangazi amelowa mkia, nimemwanika jikoni.

Mei

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, na sikuwa nimeupangia hivyo.

Tulikwenda soko la vinyago na shanga linaloitwa na wengi Soko la Wamasai. Kuna mama mmoja anashona kola za shanga, zile bapa za kuvaa shingoni. Nikamsalimia, nikamwonyesha Shangazi, nikaomba picha. Akacheka sana, akamshika, akamgeuza, akakagua mishono ya chini kama fundi anavyokagua kazi ya mwenzake. Picha akakataa. Halafu akasema, "Uso wangu kila mgeni ameshaupiga. Mikono hakuna aliyewahi kuiomba. Kama unataka, piga mikono."

Nikamkalisha Shangazi kwenye sinia la shanga, simu nikaiweka chini kabisa. Kutoka kimo kile uso wa mtu hauonekani hata ukitaka. Unaona vidole, uzi, na shanga ndogo za kioo zikipanda moja moja. Nyingi za shanga hizo, kwa taarifa yako, zimetoka Jamhuri ya Cheki. Vioo vya Ulaya vimekuwa vazi la Kimasai kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeviita vya kigeni. Nilitazama jinsi anavyohesabu: hahesabu. Kidole cha shahada kinasukuma, gumba linazuia, rangi inabadilika pale inapopaswa kubadilika. Mimi ninayehesabu mishono kwa sauti nikifuma nilikaa kimya.

Nilipofika nyumbani nikapanga picha zote upya. Zile za Aprili hazina mkono hata mmoja. Tangu siku hiyo mradi ni wa mikono, Shangazi ni mwenyeji wake tu. Kola ndogo nyekundu na buluu aliyovaa sasa ilitoka kwa mama huyo, nimeinunua kwa bei ya mjini, bila kupunguziwa.

Juni

Baridi ya Arusha imeingia, kwa hiyo chakula.

Mtori kwanza. Kuna mamalishe jirani na kazini kwangu, Mmachame, anapika kuanzia alfajiri. Nikamwomba nije wakati wa kumenya. "Mwanangu, huyu anakula nini?" "Majani, mama." "Basi asiniguse nyama." Ndizi ni mshare, siyo yoyote tu, anasema nyingine haziivi laini. Kabla ya kumenya alijipaka mafuta ya kupikia viganjani, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi ukikauka unaacha weusi ambao sabuni inaushindwa. Kisu kinapasua ganda kwa urefu, gumba linaingia chini ya ganda na kulivua, ndizi inadondokea kwenye maji. Vyote kwa pumzi moja. Nyama ya mifupa inachemka pembeni, kisha ndizi zinaungana nayo, na zikishaiva anatoa mifupa na kuponda kwa mwiko mpaka sufuria zima linakuwa uji mzito.

Picha niliyoipenda siyo ya kuponda. Ni ya kupokea. Alikuja kijana na chupa ya chai, kumchukulia mke wake aliyejifungua, maana kwetu mtori ni chakula cha mzazi kabla hakijawa cha mtu mwingine yeyote. Mama alijaza chupa, akaifuta, akaikabidhi kwa mikono miwili. Shangazi yuko pembeni ya picha, nusu mkia. Sikuigusa, wala sikuikata.

Usiku mwingine tulikwenda Khan's, ambako mchana wanauza vipuri vya magari na jioni majiko ya kuku yanatolewa barabarani. Mikono ya kugeuza mishikaki ina kasi, simu yangu haiiwezi. Mwanga wa makaa ni mzuri kwa macho na mbaya kwa picha. Kuku alikuwa mtamu, hiyo ndiyo ripoti.

Julai

Muziki. Bendi ya dansi, ukumbi mdogo, nikaruhusiwa kumweka Shangazi juu ya amplifaya ya gitaa la besi. Besi ilipoingia, akaanza kutembea. Kweli, mtikisiko ulimsogeza kidogo kidogo hadi ukingoni, mpiga besi akamdaka kwa mkono wa kushoto na wimbo haukuyumba. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Siku ya pili nikamfumua chini nikamshonea nati kubwa ya gari kwenye makalio. Sasa hatingishiki.

Kuhusu picha za usiku: nimeacha kabisa flashi. Nasubiri mpiga gitaa ashikilie nota ndefu, kwa sababu hapo mkono unatulia, ndipo nabonyeza. Inabidi uusikilize wimbo uujue. Na hilo limeninufaisha kuliko picha zenyewe.

Kwenye kijiwe cha michano hali ni tofauti, mikono haitulii abadani. Mji huu ndio uliowatoa X Plastaz, waliochanganya uimbaji wa Kimasai na hip hop, na baadaye kundi la Weusi, kwa hiyo vijana wanachana hapa wakijua wanafuata njia iliyokanyagwa. Nikamwuliza mmoja mbona anakata hewa kwa mkono kila mstari. Akajibu, "Ndiyo ngoma yangu, sista. Biti ikikatika naendelea." Nikakumbuka uimbaji wenyewe wa Kimasai: hauna ngoma, koo za wanaume ndizo zinazobeba mdundo. Picha zake zimetoka na ukungu kwenye vidole. Nimezibakiza hivyohivyo.

Agosti

Mchoraji wa Tingatinga alikubali kumchora Shangazi. Mtindo wenyewe si wa huku. Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa zinazopakwa baiskeli, lakini maduka ya Arusha yamejaa. Akamchora na vidole vitano. Nikamwambia mbega ana vinne. "Mteja hahesabu, dada." Watoto wa kwetu wamehesabu, wamefurahi, wanasema huyu ndiye aliyemaliza kazi.

Kisha Shanga, karakana iliyo kwenye viwanja vya Arusha Coffee Lodge. Mafundi wake ni watu wenye ulemavu, na baadhi ni viziwi. Chupa zilizotupwa zinayeyushwa tanuruni zinakuwa glasi, bilauri na shanga. Upande wa pili kuna ufumaji. Nilikaa karibu na meza ya shanga za kioo. Fundi anashika fimbo ya chuma kwa mkono mmoja anaizungusha bila kusimama, kioo laini kinajiviringisha, mkono mwingine unakipa umbo. Ukiacha kuzungusha, kinadondoka.

Nilizoea kuanza kwa maelezo marefu: huyu ni Shangazi, ni mbega, naomba picha. Pale maneno yangu hayakuwa na kazi. Nikamnyanyua tu. Yule fundi akamaliza shanga yake kwanza, akaiweka ipoe, akafuta mikono, akamtazama Shangazi. Kisha akapitisha viganja vyake kutoka mabegani kushuka mbavuni, kama mtu anayevaa joho. Mwenzake wa meza ya pili akairudia ileile na kuongeza mkia. Mpaka tunaondoka kila aliyempita alimsalimia hivyo. Ana jina la pili sasa, na sijui namna ya kuliandika, kwa hiyo nimelipiga video. Nimeanza kujifunza salamu za lugha ya alama ili nikirudi nisiwe bubu mimi.

Yanayofuata

Waya wa mkono wa kulia umekatika ndani, karibu na kiwiko. Nitaweka mwembamba zaidi nikiusokota mara mbili. Kishungi cha mkia kina harufu ya moshi wa kuku na hakitoki.

Nataka Marangu, kuona mbege, pombe ya ndizi, ikitengenezwa: ndizi mbivu zinavyochemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi, na ganda la mti wa msesewe linaloleta uchungu. Binamu yangu ameniahidi kuniombea kwa bibi yake mkubwa, kwa sharti kwamba nibebe sukari na majani ya chai na nisimwite Shangazi kwa sauti mbele ya shangazi zake halisi. Na kabla ya hapo nichapishe picha za mikono na kuzigawa. Mamalishe wangu ameshauliza mara kadhaa, anataka ile ya chupa ya chai, saizi ya kutundika.