Stockholm au Umeå: hela inaishia wapi

Ndugu wengi wanaohamia hapa Sweden wananiuliza: "Dada, wapi kuna unafuu, Stockholm, mji mkuu, au Umeå, huku kaskazini?" Nimeishi kote kuwili, sasa niko Umeå na wanangu, na jibu langu linaanzia kwenye nyumba.

Stockholm, ukitaka kupanga kwa mkataba wako mwenyewe, unajiandikisha kwenye foleni ya nyumba ya jiji, unalipa krona 200 kwa mwaka, unasubiri. Watu wanasubiri miaka minane, tisa, na katikati ya jiji ni zaidi. Mgeni ataitoa wapi miaka hiyo? Anapanga mkono wa pili, kwa mtu ambaye naye kapanga, bei juu, na mkataba ukiisha anafunga tena mabegi. Sisi tulikuwa Skärholmen, kusini. Kazi yangu ilikuwa Täby, kaskazini kabisa. Natoka watoto wamelala, narudi wanasinzia. Tiketi ya mwezi inapita krona 1,000, lakini kilichoniuma ni zile saa.

Umeå nako foleni ipo, ila si ya kuzeekea. Nilipata vyumba viwili na sebule Ålidhem, joto na maji vimo ndani ya kodi ya nyumba, na hospitalini ninakofanya kazi naenda kwa baiskeli, hata kwenye theluji, kwa matairi yenye vyuma. Jioni nawakuta watoto wako macho, tunapika pamoja.

Makato ya mshahara ndiyo huku makubwa. Kodi ya manispaa na mkoa Umeå inapita asilimia 34; Stockholm ni 30 na kidogo. Chakula bei hazipishani sana, na posho ya mtoto, krona 1,250, ni ileile nchi nzima. Umeme ni nafuu kaskazini: tangu 2011 Sweden ina kanda nne za bei, na mabwawa makubwa ya kuzalisha umeme yako huku. Mwenye nyumba yake hilo atalifurahia kuliko mimi mpangaji.

Ninachokikosa ni soko la uwanjani Skärholmen, jioni wauza mboga wanapoanza kushusha bei: bamia mbichi, giligilani, embe kreti nzima. Huku bamia nanunua za kugandishwa. Na kiza jamani. Katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa nane mchana. Mapumziko ya kazini navaa koti natoka nje nipate mwanga, watoto nawapa vitamini D. Kama kiza kinakushusha moyo, lifikirie hilo kabla ya kodi ya nyumba na mshahara.

Mwenye watoto wadogo namwambia aje Umeå. Kijana aliye peke yake, anayetaka kuwa karibu na watu wa kwao, abaki Stockholm. Ila popote utakapokaa, jiandikishe foleni ya Stockholm leo, maana haikuulizi unaishi mji gani. Mimi niko huku kaskazini na zile krona 200 bado nazilipa kila mwaka, nisiipoteze nafasi yangu.