Amu kwa Majina Yao

Ndugu zangu mlio Jeddah na Maskati, nimefika Amu, mji wetu wa Lamu, salama. Ya safari tutayazungumza siku nyingine. Leo nataka kuwasimulia maonyesho ya picha niliyoyakuta Mkomani, ndani ya ua wa nyumba ya mawe.

Mpiga picha ni mzaliwa wa Langoni. Miaka yote hii amekuwa akipiga picha mitaani kwetu: njia kuu ya Usita wa Mui jioni, wachukuzi gatini, wazee mbele ya Ngome, mbio za punda wakati wa Maulidi. Picha za Amu mmeziona nyingi, hasa tangu UNESCO iutie mji wetu katika urithi wa dunia mwaka 2001. Milango ya nakshi, machweo, mashua. Na mtu akitokea, hana jina. Huyu ametundika karatasi na penseli chini ya kila picha. Anayemjua aliyemo huandika: ni fulani, mwana wa fulani, wa mtaa fulani. Asiyeandika husema, akarekodiwa kwa simu.

Nilisimama sana kwenye picha ya mzee anayeshona kofia, uzi kaushika kwa meno. Karatasi yake imejaa mpaka nyuma. Mmoja kaandika jina, mwingine kalikata jina la baba na kuweka la sawa, na chini kabisa, kwa mwandiko wa kutetemeka: "Kofia hiyo ni yangu, mpaka yeo naivaa."

Lakini kilichonishika moyo ni fremu tupu. Mwanamke akijiona na hapendi kutazamwa, picha hutolewa papo hapo, haulizwi sababu. Fremu hubaki ukutani na neno moja tu: "Ameomba." Nyuso za watu wetu nimeziona zikiuzwa kwenye kadi za posta, na sidhani wenyewe waliulizwa. Hapa mwenye uso ndiye mwenye kauli, na kila anayeshuka gatini na kamera yafaa aanzie hapo.

Picha moja bado karatasi yake ni nyeupe. Wavulana wanarukia maji, nyuma yao jahazi limepakia boriti za mikoko. Wa katikati ana kaptula ya njano na amebana pua. Umri wao ni wa rika letu, kwa hiyo huenda mmoja yuko huko kwenu. Mnaomjua, nitumieni jina kabla ya Ijumaa, picha hazijashushwa, nikaliandike.