Tulivyoingia kwenye kikao cha kijiji, sisi wa steji

Hapa Busia ya Uganda, mpakani na Kenya, bodaboda ilikozaliwa, ukimtajia kijana wa steji mambo ya siasa anakujibu, "Kaka, hayo ya wenye vitambi." Nikaacha kuwatajia uchaguzi, nikawatajia pesa.

Chini ya PDM, mpango wa serikali wa kuendeleza parishi uliozinduliwa 2022, kila parishi, yaani vijiji kadhaa pamoja, hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kaya hukopa hadi milioni moja, na asilimia 30 ni fungu la vijana. Waliokuwa wamejilaza juu ya pikipiki wakaamka. "Letu analila nani?" Swali nililolitaka.

Kwanza kitambulisho cha taifa. Bila hicho hukopi, husajili laini, huingii kwenye daftari la wapiga kura. Wengi wetu tuliacha shule mapema, laini zetu zina majina ya mashangazi. Na madalali walikuwa wakiwatoza watu, ilhali cha mara ya kwanza ni bure. Shilingi 50,000 ni ya aliyepoteza. Tukaenda kwa makundi, barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, mkononi.

Kisha kikao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inasema kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa baraza la kijiji, kwa hiyo hatukuwa tunaomba hisani. Lakini kwa mwenyekiti huendi na sheria kwapani. Nilikwenda jioni na mama wa roleksi, muuza chapati za mayai anayeheshimika mtaani. "Mzee wetu," akamwambia, "vijana wako wanataka uwaite." Akacheka, akakubali.

Siku yenyewe tuliwekwa mwisho, baada ya mitaro na wezi wa kuku. Mwenzetu mmoja, mkimya kupindukia, akasimama na helmeti yake mkononi: "Tusomewe orodha ya waliopata." Ikasomwa. Majina mengine hakuna aliyeyajua pale kijijini. Minong'ono ikaanza, katibu akawa anafunua kurasa zilezile mbele na nyuma. Mwenyekiti akaahidi kulifikisha kwa mkuu wa parishi, na safari hii ahadi iliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, tulihakikisha.

Tumeandikisha kikundi cha kuku wa mayai kwenye SACCO ya parishi. Pesa bado. Wawili wetu wanataka kugombea baraza la vijana. Mimi siwezi, kisheria ujana unakomea miaka 30 na nimeshaivuka. Nitawabeba kwenye kampeni, mafuta watatia wenyewe.