Jiko la mshale, kutoka Ngamiani hadi Amani

Basi la Muheza lilikuwa halijaondoka Tanga mjini konda aliponiuliza, "Kaka, hilo jiko lina mafuta?" Nikamfungulia begi aone. Tanki la shaba tupu, koki ya hewa imelegezwa, mafuta ya taa yako peke yake kwenye chupa ya bati yenye kizibo cha kukaza. Akaridhika. Jiko la pampu husafiri hivyo. Anayelipakia limejaa, tena na upepo wake ndani, anawaweka abiria wenzake hatarini.

Nilikuwa nimelinunua kwa muuza vyuma chakavu, jeusi tii. Nilipolisugua kwa ndimu na majivu ikajitokeza alama ya mshale, ile waliyoigonga Waingereza kwenye mali za jeshi lao, na pembeni mwaka 1944. Nilishtuka. Kitu hiki kimenizidi umri kwa mbali, na shaba yake haina hata ufa!

Tatizo lilikuwa pampu. Ukisukuma, mkono unakwenda tu, haukutani na upinzani wowote. Nikalipeleka mtaa wa Ngamiani, hapo hapo Tanga, kwa mzee mmoja fundi wa karabai, zile taa za pampu. Kabla ya taa za sola, wavuvi wetu wa dagaa walikuwa hawaendi baharini usiku bila karabai, kwa hiyo mzee huyu ameshika pampu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Ah, hii ni karabai, ila yenyewe inapika."

Na kweli, kazi ni ileile. Upepo unayasukuma mafuta juu, yanapita kwenye bomba la moto, yanageuka mvuke, mvuke unachomoka kwenye kitundu chembamba, unachanganyika na hewa na kuwaka buluu. Utambi hakuna. Msweden Frans Wilhelm Lindqvist ndiye aliyeanza kutengeneza majiko haya Stockholm mwaka 1892, na mvumbuzi Mnorwe Amundsen alikuwa na majiko ya aina hii alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911.

Mzee akachomoa fimbo ya pampu. Kikombe cha ngozi kilichoko mwishoni kilikuwa kimekauka na kusinyaa. Akakata kingine kwenye mkanda wa zamani, akakiloweka kwenye oili ya cherehani mpaka kikalainika. Akabadili na kipira cha vali chini ya pampu, maana kikichakaa mafuta hurudi juu kupitia pampu yenyewe. Pale kichwa cha jiko kinapofungwa kwenye tanki aliweka washa ya risasi, kwa sababu ya mpira ingeyeyuka kwa joto. Mwisho akapaka povu la sabuni kwenye maungio na kupiga pampu. Hakuna povu lililochemka, yaani upepo hauvuji. Kazi nzima ilichukua muda wa kunywa kahawa vikombe viwili.

Muheza tulipanda gari jingine, mimi na mpwa wangu, tukapita Sigi na kuanza kupanda. Barabara ni mbaya, ila msitu unakufanya usahau. Amani, tulikokuwa tunakwenda, iko kwenye milima ya Usambara Mashariki, kama mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902. Jioni mvua ikashuka. Kuni zote chepechepe, na hata zingekuwa kavu, miti ya hifadhi si ya kukatwa.

Tukajibanza barazani. Nilikuwa na njaa, nikaharakisha: nikamwaga spiriti kidogo kwenye kikombe chake kilichoko chini ya kichwa cha jiko, ya kukipasha moto kichwa hicho, nikaiwasha, nikapiga pampu kabla kichwa hakijapata moto wa kutosha. Mafuta yakatoka yangali maji. Mwali wa njano ukaruka juu ya sufuria, mpwa wangu akapiga kelele, "Mjomba!" Nikafungua koki ya hewa papo hapo. Upepo ukatoka, mwali ukanywea. Ukikumbuka jambo moja tu katika haya yote, likumbuke hilo: mkono uende kwenye koki, usiende kwenye ndoo ya maji.

Mara ya pili nikajaza spiriti mpaka ukingoni na kusubiri. Ilipokaribia kwisha nikafunga koki, nikapiga pampu taratibu. Moto ukaja wa buluu, ukinguruma, lakini umeinamia upande mmoja. Nikachomeka sindano ya waya kwenye kitundu, mara moja tu, bila kuizungusha, kwa sababu kitundu kikipanuka jiko halitaacha kutoa masizi. Masizi mengine hutokana na mafuta machafu. Ndiyo maana nilikuwa nimeyachuja kwa kitambaa tangu nyumbani, na tanki sijazi zaidi ya robo tatu.

Tulikula wali na dagaa wa Tanga mvua ikiwa bado inanyesha.

Asubuhi nilikuta mpwa wangu ameshaamka, amekaa mbele ya jiko lililopoa, fimbo ya pampu mkononi, akiitia ile ngozi matone mawili ya oili. Spiriti alikuwa ameshaipima.

"Leo chai napika mimi, mjomba."

Nikasogea nyuma.