Cheri za Chasselay

Jana usiku binti yangu alikwama kwenye kazi yake ya Kiswahili. "Baba, tata ni nini?" Nikamwambia ni uzi uliojisokota hadi mwanzo na mwisho wake havionekani. Mama, ambaye bado yuko hapa na hana mpango wa kurudi Bukoba karibuni, akadakia kutoka jikoni: "Mdanganye tu mtoto! Tata ni baba." Kwa Kihaya yuko sahihi. Tukacheka, halafu mimi nikanyamaza. Iko tata ya tatu, na hiyo sijawahi kuisimulia nyumbani.

Ilikuwa Juni 2008, enzi zangu za Lyon, Ufaransa. Bibi mwenye nyumba, mwenye miaka 75, alinigongea mlango Jumapili asubuhi akiwa na bakuli la cheri. "Kijana wangu, leo utanisindikiza kwa rafiki yangu." Tukapanda basi. Njia nzima alinisimulia habari za huyo rafiki: askari mrefu mwenye kofia nyekundu, aliyefika kijijini kwao Juni 1940 na wenzake kuziba njia ya Wajerumani. Bibi alikuwa na miaka saba. Alimpelekea cheri, wakakaa ukutani kushindana kutema kokwa, nani ya kwake itafika mbali. Lugha hawakuwa nayo. Siku mbili tatu hivi, basi.

Mimi nilidhani tunakwenda kunywa chai na mzee.

Tukashuka mbele ya ukuta mwekundu, wa rangi ya udongo wa kwetu kabisa, na ndani yake makaburi karibu 200. Mahali penyewe, Chasselay, panaitwa Tata, yaani boma la kuta za udongo kwa lugha za Afrika Magharibi. Waliozikwa mle ni askari wa Afrika waliopigania Ufaransa. Wafaransa waliwaita wote "Wasenegali", hata waliotoka Guinea, Mali au Burkina Faso ya leo. Tarehe 20 Juni 1940, Ufaransa ikiwa karibu kusalimu amri, Wajerumani waliwateka baadhi yao, wakawatenga na maofisa wao wazungu, wakawapeleka uwanjani na kuwamiminia risasi. Bwana mmoja aliyeitwa Jean Marchiani ndiye aliyezunguka kuitafuta miili yao, akajenga makaburi haya, yakazinduliwa Novemba 1942. Udongo mwingine uliletwa kwa ndege kutoka Dakar.

Bibi hakusoma kibao hata kimoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi lililoandikwa "Inconnu", asiyejulikana. Yako mengi ya namna hiyo mle. Nikamuuliza amejuaje kama ndiye.

"Sikujua. Nilichagua."

Akapanga cheri juu ya jiwe, mojamoja, vikonyo vyote vikitazama upande mmoja. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, cheri moja ikawa inabingirika kila akiiweka. Akaiweka mara nne. Alipomaliza akanigeukia. "Haya, sema naye. Kwa lugha yenu."

Lugha yenu! Mimi Mhaya, Mlutheri, kutoka Bukoba hadi Dakar ni bara zima. Nilifungua mdomo kumweleza. Lakini alikuwa ameshavua kofia yake, kichwa ameinamisha, anasubiri kama mtoto anayesubiri kuombewa. Nikachuchumaa, nikamwamkia marehemu kwa Kihaya, jinsi tunavyowaamkia wazee. Nikamwita tata. Nikamwambia umepata mgeni, amekuletea matunda. Zaidi ya hapo nikaishiwa.

"Amesema nini?" Bibi akauliza.

Nikasema anashukuru.

Mpaka leo sijui kama nilimdanganya. Wiki nzima iliyofuata aliwasimulia watu sokoni kwamba hatimaye rafiki yake amezungumza na mtu wa kwao, na mimi nilikuwa pale, nimebeba kikapu, nikitabasamu. Wao waliitwa Wasenegali wote, na mimi nikawa mmoja wao kwa Jumapili moja.

Kabla hatujatoka alichukua cheri moja, akaila, akarudi nyuma hatua mbili na kutema kokwa kuelekea juu ya ukuta. Ikagonga katikati, ikaanguka.

"Yeye angeivusha," akasema, akanishika mkono twende kuwahi basi.