Stata mbili nimenunua, kumbe ni waya

Wenzangu mnaoendesha magari ya zamani huku kwenye baridi, hili limenigharimu dola 520.

Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na nina Camry ya 1999. Nalipenda sana gari hili. Nahudumia wazee, zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, na lisipowaka kuna mzee anangoja kugeuzwa kitandani na mwenzangu wa usiku hawezi kuondoka mpaka nifike.

Tatizo lilianza Novemba. Nazungusha ufunguo, nasikia "tak" moja, kisha kimya. Mara ya nne linawaka. Gereji wakasema stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, imekufa, wakafunga nyingine. Wiki tatu safi, halafu "tak". Januari nikafungiwa ya pili. Februari, asubuhi ya nyuzi 23 chini ya sifuri, "tak" ileile. Kwetu ningeita vijana wasukume, lakini gari la gia otomatiki hata ulisukume mpaka jioni haliwaki.

Nikampigia mjomba, fundi umeme wa magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Dar ilikuwa saa tisa alasiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti inatetemeka?"

Nikamweleza yote. Akauliza neno moja tu: "Mmepima?"

Hakuna aliyepima. Akaniambia niweke gia kwenye P, nivute breki ya mkono, nichukue waya mmoja wa kubusti: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mikanda. Nikapiga stata. Likawaka papo hapo, nami nikawahi kazini.

Siku ya mapumziko nikanunua mita. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, nzima kabisa. Mke wangu alipopiga stata, ikabaki 12.1. Hapo ndipo mjomba aliponifungua macho: stata inavuta zaidi ya ampea 100, kwa hiyo betri lazima ishuke vya kutosha. Isiposhuka na stata haizunguki, umeme haufiki. Nikashika hasi ya betri kwa ncha moja ya mita na injini kwa nyingine, mke wangu akapiga tena. Mita ikasoma 4.8. Hapo haifai kuzidi nusu volti.

Nikaufungua waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini. Kwa nje ganda jeusi lilikuwa zuri, halina hata ufa. Nikalichana kwa kisu karibu na boliti ya injini, ukamwagika unga wa kijani. Shaba yote ilikuwa imeliwa, zimebaki nyuzi chache nyembamba kama nywele. Ni chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Kila fundi alipofunga stata aliusogezasogeza waya huo, nyuzi zikagusana tena, gari likapona kwa wiki chache.

Waya mpya, dola 18. Nilisugua kwa msasa pale unapokaa mpaka chuma kikang'aa. Kinachoniuma ni stata ya kwanza, ile iliyokuja na gari, niliyoiacha gereji kama chakavu. Naamini ilikuwa nzima.

Asubuhi iliyofuata nilimrekodia mjomba mlio wa gari likiwaka. Akajibu kwa sauti: "Safi. Sasa kaangalie na wa chanya, umekula chumvi ileile."