Corolla ya Baba na Asubuhi za Kusukuma

Masika ya mwaka 2004 yalinikuta nyumbani Ngamiani, Tanga, nimemaliza kidato cha sita nasubiri matokeo. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilivaa kandambili, nikakaza kanga kiunoni, nikatoka kusukuma gari la baba. Mimi nyuma upande wa kulia, mdogo wangu kushoto, na kijana muuza maandazi akitua beseni lake kibarazani kwetu aje kutuongezea nguvu. Baba alikaa ndani, mlango wazi, mguu kwenye klachi. Tuliweza kuimaliza barabara nzima injini haijakohoa. Siku ikiwaka, moshi mweusi ulitutapikia miguuni, na nguo zangu zilinuka petroli mpaka adhuhuri.

Lilikuwa Toyota Corolla lenye injini ya 5A, mtumba wa Japani. Baba alilinunua kwa kiinua mgongo chake, akalifanya teksi. Ada yangu ya miaka miwili ya mwisho ilitoka kwenye lile gari, na dawa za bibi pia. Kwa hiyo nikisema lilikuwa linaumwa, namaanisha nyumba nzima ilikuwa inaumwa.

Ugonjwa wenyewe ulianza taratibu. Kwanza lilikataa kuwaka likiwa la moto: baba analizima sokoni kumsubiri abiria, akirudi starta inazunguka tu, injini haishiki. Baadaye likagoma hata asubuhi. Ukifungua plagi zinatoka zimelowa, petroli inachuruzika. Tunazifuta, tunazikausha kwa upepo wa pampu ya baiskeli, tunazirudisha, linawaka. Kesho yake ni yale yale.

Tulipita gereji tatu. Ya kwanza walibadilisha plagi. Ya pili walisema ni unyevu wa masika, wakabadilisha nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta, inayogawia plagi moto. Ya tatu walisafisha injekta zinazonyunyizia petroli, wakaweka pampu nyingine ya mafuta, na ilipokuwa vile vile wakamshauri baba atafute injini. Sikuwachukia, na siwachukii leo. Plagi iliyolowa ina maana mbili: ama petroli imezidi, ama moto wa kuichoma haupo. Ukiitazama peke yake huwezi kujua ni ipi. Lakini kila mmoja alichagua maana moja akaanza kununua vipuri, na fedha ilikuwa ya baba. Mwishoni mwa Aprili alishaanza kuzungumza na mtu wa kulinunua. Bei aliyotajiwa sitaiandika.

Mama ndiye aliyemkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza magari chini ya mwembe kule Chumbageni. Tulilivuta kwa kamba mpaka kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani mgonjwa?"

Hakushika spana. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza baba maswali kama daktari: linagoma likiwa la baridi au la moto? Linakula mafuta kuliko zamani? Mara ngapi zaidi? Moshi wa rangi gani? Baba alipojibu kwamba ni mweusi, mzee akatikisa kichwa.

"Basi moto upo. Moshi mweusi ni petroli iliyoungua nusu kwa kukosa hewa ya kutosha. Kama moto usingekuwepo, ungenusa petroli mbichi tu, moshi usingeuona."

Kwa maneno hayo alikuwa amefuta nusu ya matengenezo yote tuliyokwisha kulipia. Niliona baba anavua kofia, anaishika mkononi.

Kisha mzee alichomoa kijiti cha oili akakinusa, akaninusisha na mimi. Ilinuka petroli, nyepesi kama maji, na ilikuwa imepanda juu ya alama. Petroli isiyoungua ilikuwa ikiteremka pembeni mwa pistoni mpaka kwenye oili. Akamkataza baba kabisa asiiwashe injini kabla oili haijamwagwa, maana oili ya namna ile hailindi chuma.

Hata hivyo moto aliuhakikisha, hakutegemea maneno yake mwenyewe: cheche ya bluu, kavu, kwenye plagi zote nne. Akachomoa mpira mwembamba wa hewa unaokwenda kwenye regyuleta ya presha ya mafuta, akautazama ndani. Mkavu. Kumbe ngozi ya ndani ya regyuleta ikipasuka, petroli hufyonzwa kupitia mpira ule na kuingia kwenye injini moja kwa moja. Ya kwetu ilikuwa nzima. Akafungua kiboksi kidogo karibu na ukuta wa injini, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akawasha swichi. Taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa sawasawa, bila kusita. Maana yake kompyuta ya gari haijaona kosa lolote.

Hapo alinyamaza muda mrefu. Nakumbuka tone la mvua lilikuwa likidondoka kutoka kwenye mwembe juu ya boneti, na baba alikuwa hathubutu kuuliza.

"Kompyuta haina kosa," mzee alisema hatimaye. "Inafanya inachoambiwa. Sasa tuulize inaambiwa nini."

Akaniita nisogee. Zamani, alisema, gari la baridi ulilivutia choki ili petroli iwe nyingi kuliko hewa. Siku hizi choki haipo. Kuna sensa inayopima joto la maji ya injini na kuiambia kompyuta iongeze petroli au ipunguze. Nikamwambia mshale wa joto kwenye dashibodi siku zote unakaa katikati, hauna shida. Alifurahi kwamba nimeliona hilo, kisha akanionyesha kwa kidole: sensa ya mshale ina waya mmoja, sensa ya kompyuta ina nyaya mbili. Ni vitu viwili tofauti. Mmoja anaweza kusema kweli na mwenzake akasema uongo, na dereva hataona chochote.

Akachomoa soketi ya ile ya nyaya mbili, akaweka mita. Omu 15,000, yaani kiasi sensa inavyozuia umeme.

Kwenye sanduku lake la spana kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imechanika, yenye mchoro wa mstari unaoteremka: joto likipanda, omu za sensa zinashuka. Akanikabidhi. "Soma wewe, macho yangu yameniacha." Nikasoma kwa sauti: kwenye nyuzi 80, omu 200 hadi 400. Kwenye nyuzi 20, omu 2,000 hadi 3,000. Na 15,000? Nikapandisha kidole kwenye mstari mpaka mwisho wa karatasi.

"Babu, hapa panasema nyuzi ishirini chini ya sifuri."

Sote watatu tulikuwa tunatoka jasho. Tanga, saa tano asubuhi, na lile gari lilikuwa limeambiwa kwamba limelala kwenye barafu, likawa linajimwagia petroli ya barafuni. Na taa haikuwaka kwa sababu kompyuta ile hulalamika pale waya unapokatika au unapogusana. Nyuzi hasi ishirini ni jambo linalowezekana duniani, kwa hiyo iliamini.

Mzee akanituma ng'ambo ya barabara kwa fundi redio. Nilirudi na rezista, kipande kidogo cha kuzuia umeme, ya omu 2,200, mistari mitatu myekundu, niliyoisoma kwa mafunzo ya fizikia ya shuleni. Ilikuwa mara ya kwanza somo lile kunisaidia mbele ya baba yangu. Tukamwaga oili na kuweka mpya. Mzee alichomoa soketi za injekta na waya wa koili, akatoa plagi, akatusogeza mbali na kumkataza mpita njia sigara, akapiga starta ili petroli iliyobaki ndani itoke. Ilitoka kama mvuke. Akadondosha matone machache ya oili safi kwenye kila silinda, kwa sababu petroli ilikuwa imeziosha kuta zake na ringi hazikubana tena vizuri. Akarudisha kila kitu, na pale penye sensa akachomeka miguu miwili ya rezista yangu, ili kompyuta iambiwe nyuzi ishirini hivi.

"Mzee mwenzangu, kanyaga mafuta mpaka chini, hewa iingie. Likishika, achia."

Lilishika kabla baba hajakaa vizuri kwenye siti. Moshi wa matone ya oili ulitoka kidogo ukaisha, na sauti ikatulia, ile sauti ya mwaka tuliolinunua. Baba hakusema neno. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele kama mtu aliye safarini.

Rezista ilikuwa ya kupimia tu, kwani haijui injini ikipata moto. Jioni ile ile tulipata sensa kwenye duka la vipuri vya mitumba. Mzee hakuifunga kabla ya kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto ya mama lishe. Namba kwenye mita zikateremka vizuri mpaka mia tatu na kitu. Ile ya zamani tuliitumbukiza pia. Haikusogea.

Malipo aliyotaka yalikuwa madogo kuliko bei ya zile plagi za gereji ya kwanza. Baba alimwongezea, wakabishana kidogo, mzee akapokea.

Asubuhi iliyofuata niliamka kwa mazoea, nikavaa kandambili, nikakaza kanga, nikatoka. Kibarazani alikuwepo muuza maandazi peke yake, beseni kichwani, akiangalia mwisho wa barabara.

"Dada, mzee keshaondoka," akaniambia. "Hata beseni sijawahi kulitua."